Ugali Mara Nne, Kaunta Moja

Nyie vijana mnaoingia kwenye nyumba ya mtu na kile kidude kinachopiga nukta nyekundu ukutani na namba ikajitokeza yenyewe, nawaonea wivu na sifichi. Sisi tulipima kwa futi kamba iliyofutika namba za mwanzo. Ilibidi uanzie inchi ya kumi, usome mwisho wake, halafu utoe kumi. Mtu akikupigia stori katikati ya kupima, unasahau kutoa. Kuna mwalimu mmoja hapa Karatu mjini ana kabati linalozidi dirisha kwa inchi kumi kamili mpaka leo, na kila tukikutana sokoni ananisalimia kwa kuninyooshea vidole vyote vya mikono.

Naitwa Ramadhani, ila wengi wananijua kama Fundi Rama wa Majiko. Baba yangu alitoka Singida kuja kuchuma kahawa kwenye shamba moja la mzungu upande wa Oldeani. Mimi nikakulia humo, nikajifunza useremala humo, nikaoa huku huku na kuzeekea huku huku. Nimejenga majiko ya loji, ya mapadre, ya walimu, na ya madereva wa watalii wanaotaka nyumba zao zifanane na zile wanakopeleka wageni. Sasa nimestaafu. Kusema kweli magoti ndiyo yaliyostaafu, mimi nikayafuata.

Sitaki kuwafundisha kupima, maana hicho kidude chenu kinapima vizuri kuliko mimi. Nataka kuwasimulia jinsi nilivyopima sawasawa kabisa, bila kukosea hata nukta, nikakaribia kumhamisha bibi wa watu kutoka nyumbani kwake.

Ila kwanza mjue nilifundishwa na nani, msije mkadhani sikufundishwa.

Aliyenishika mkono ni Fundi Amsi, Mwiraqw mmoja mkimya aliyekuwa seremala wa lile shamba la kahawa. Hasira yake haikuwa na maneno. Alikuwa anapumua kwa pua tu, nawe unajua umeharibu. Tulifanyia kazi mbao za mgrivelia, ile miti inayopandwa kuipa kahawa kivuli, na Amsi alikuwa na ndoo moja ya jivu ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuimwaga. Kabla hajakata ubao wowote, alichora jiko zima uani kwa lile jivu, ukubwa uleule litakaokuwa nao: hapa sinki, hapa pa moto, hapa kabati, hapa mlango. Kisha alimwita mpishi. Mwenye nyumba akija ametanua kifua, Amsi anamwonyesha kiti. Aliyetakiwa ni mpishi.

"Haya, pika," anamwambia.

"Nipike nini, nami sina hata sufuria?"

"Unachopika kila siku."

Basi mpishi anaingia ndani ya mistari, mwanzoni kwa aibu, halafu kidogo kidogo mwili unakumbuka kazi. Anaosha mchele wa hewa, anageuka, anatafuta chumvi, anarudi. Amsi amekaa kwenye kigoda anahesabu hatua. Mpishi akikanyaga mstari, Amsi anaufuta kwa mguu na kuuchora pengine. Nakumbuka mpishi mmoja Mgogo aliyepika hewa kwa moyo wote hata akachovya kidole kwenye sufuria isiyokuwepo, akaonja, akasema bado chumvi. Sote tulicheka isipokuwa Amsi. Yeye aliinuka akachora kabati la chumvi karibu na moto.

Hiyo ndiyo njia niliyofundishwa, na niliifuata miaka mingi. Makosa niliyoyafanya katika miaka hiyo yalikuwa mengine, na hayo nayasimulia kwa furaha kwa sababu hayakumwumiza mtu.

Kwa mfano, vijiko. Loji moja huko juu, karibu na ukingo wa kreta, walitaka jiko jipya lenye droo kumi na mbili. Mbao nilizikausha Mang'ola, kule bondeni kwenye joto linalokausha vitunguu na watu. Zikakauka vizuri, nikazipeleka juu, nikafunga droo zikaingia kwa kubana, nikajisifu kwamba hata karatasi haipiti. Ukaja msimu wa ukungu. Nyie mliozaliwa huku mnaujua ule ukungu, unaingia hadi ndani ya viatu. Mbao zikanywa, zikavimba, droo zikagoma. Mpishi mkuu akanipigia simu mchana wageni wakiwa mezani: "Fundi, vijiko vyote viko ndani ya droo na droo haifunguki. Watu wanakunywa supu kwa vikombe kama chai." Nilipofika na tindo langu, nikamkuta mgeni mmoja amefurahi sana, anadhani ndiyo desturi yetu.

Tangu siku hiyo nikajua kwamba mbao lazima zikae wiki mbili tatu ndani ya nyumba zitakamoishi, zizoee hali ya hewa ya pale kama mtu anavyozoea. Na droo uiachie nafasi ya unene wa sarafu kila upande. Vanishi upake pande zote, hata zile zisizoonekana, maana unyevu hauna habari na uzuri.

Na vumbi letu jekundu je? Mteja akiwaomba vigae vyeupe vyenye saruji nyeupe katikati, msikatae kwa jeuri. Mpelekeni tu mahali mlipojenga jiko jeupe mwaka juzi. Ataona lilivyogeuka rangi ya chai ya maziwa, na atachagua rangi ya chai ya maziwa yeye mwenyewe. Hata hili nililijua vizuri, na bado mtaona nilichofanya.

Kuna mama mmoja, Mama Nasieku, mumewe mfugaji wa Kakesio aliyejenga nyumba hapa mjini ili watoto wasome. Nilimtengenezea makabati ya kufungika vizuri, milango laini, vishikio vinavyong'aa. Nikarudi baada ya mwezi, nikakuta vibuyu vyake vya maziwa vinaning'inia kwenye vile vishikio, vimejaa jiko zima, na ndani ya makabati hakuna kitu. Nikamwuliza kulikoni. Akaniambia kibuyu ukishakisafisha kwa kijinga cha oloirien, ule mzeituni wa porini, kinataka upepo. Ukikifungia gizani kinachacha. "Fundi," akasema, "maziwa yangu siyo nguo." Nikang'oa milango miwili nikamwekea vigingi vya mbao karibu na dirisha, na kishikio kimoja kilichopindwa na uzito wa vibuyu akanirudishia mkononi kwa heshima.

Mnaona basi. Nilikuwa nimeshaonywa mara nyingi. Lakini mtu akizeeka na kazi, anaanza kuamini kwamba anajua.

Sasa ndio nifike Ganako.

Eliza ni binti wa Ganako, anafanya kazi ya utalii Arusha, mrefu, mwepesi wa maneno na mkarimu. Mama yake ni mjane, wakati ule alikuwa anaishi peke yake kwenye shamba la familia, na wajukuu wakimwita Aama, yaani bibi, kwa hiyo na sisi wote tukamwita Aama. Mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono ya mtu aliyelima maisha yake yote. Alikuwa na ng'ombe wawili, mahindi, maharage, na kaburi la mumewe kwenye mpaka wa chini wa shamba, ambalo alilipalilia mwenyewe. Alipikia kwenye jiko la nje, kibanda cha miti na udongo chenye mafiga matatu, na moshi wa miaka hamsini ulikuwa umeingia kifuani. Alikuwa anakohoa kikohozi kinachomwinamisha.

Eliza alinipigia simu baada ya kumpeleka hospitali.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu."

"Daktari amemkataza mama moshi kabisa. Nataka umjengee jiko la ndani, la gesi, la kisasa. Na nakwambia ukweli fundi, huu ni mwisho. Nikija Pasaka nikamkuta bado yuko kwenye moshi, namchukua naenda naye Arusha. Sitabishana tena."

Nilijua Arusha ni nini kwa Aama. Aliwahi kukaa kwa Eliza ghorofani wiki mbili, akarudi amekonda. Alisema kule hata kuku unaletewa ameshakufa, na asubuhi ukifungua mlango unakutana na mlango wa mtu mwingine. Eliza hakuwa mbaya, sikilizeni. Alikuwa anamwogopea mama yake. Na Aama hakuwa mkaidi, alikuwa anataka kufia kwake. Katikati ya hao wawili nikawekwa mimi na jiko.

Eliza akanitumia picha kwenye simu, picha nyingi, na mchoro wa rangi aliochorewa na rafiki yake. Kaunta ya teraso ya kijivu, sakafu ya vigae vyeupe, dirisha pana linaloangalia bustani ya maua. Nilifurahi nao kama mtoto. Kila kitu kilikuwa kimeshachorwa, jivu nilitafutie nini? Jumamosi moja Eliza akaja kutuonyesha anachotaka. Nikamwambia asimame wima, akunje kiwiko, nikashuka chini ya kiwiko kwa upana wa kiganja na vidole viwili, nikaweka alama ukutani. Hiyo ndiyo njia sahihi ya kupata kimo cha kaunta, hata leo nawaambia ifuateni. Nilipima sawasawa kabisa. Nilimpima Eliza.

Aama alikuwa bondeni anapalilia. Nilimwona kupitia dirishani, nikampungia mkono.

Jiko likaisha, na lilikuwa zuri. Majirani walikuja kupiga picha. Aama aliniombea baraka kwa Kiiraqw na kwa Kiswahili, akanipa kuku wawili, nikaondoka kichwa juu.

Baada ya wiki mbili nilipita kurekebisha bawaba moja iliyokuwa inalia. Nikapiga hodi, kimya. Nikaingia jikoni: pako safi, pananukia rangi, na jiko la gesi limefunikwa kitambaa kilichodariziwa maua. Nikasikia kikohozi. Kilitoka nje, kwenye kibanda. Nikamkuta Aama amekaa kwenye kigoda chake katikati ya moshi, macho yanamtoka machozi, anasonga ugali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu."

"Mbona uko huku?"

"Lile nimelitunza," akasema. "Ni jiko la wageni."

Nilimbembeleza mpaka akakubali kunionyesha shida iko wapi. Mlangoni akavua viatu, kama mtu anayeingia kanisani na matope, kwa sababu ya vile vigae vyeupe. Akatembea kwa kunyata asiteleze. Akasogeza kreti tupu la soda alilokuwa ameficha nyuma ya mlango, akapanda juu yake. Hata hapo, mjue, juu ya kaunta iko gesi, juu ya gesi iko sufuria, na juu ya sufuria uko mwiko. Mpini wa mwiko ulimfikia sikioni. Alipoukandamiza, sufuria ilizunguka nao. Akaishika kwa kitambaa kwa mkono wa kushoto, ikazunguka na mkono.

"Sasa hapa," akasema kutoka juu ya kreti, "nasonga ugali au nafukuza nzi?"

Nilitaka kucheka nikashindwa. Niliona aibu ya kweli, ile inayoanzia kwenye masikio. Chai unaweza kuchemshia popote, hata juu ya kabati. Ugali unataka mtu awe juu ya sufuria, aulalie kwa uzito wa mabega. Mimi nimekula ugali tangu utotoni, nimemwona mama yangu akiusonga kila siku ya Mungu, na nikajenga jiko zuri kuliko yote niliyowahi kujenga ambalo haliwezi kusonga ugali. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ndivyo wanavyosema, na mimi nilikuwa nimechonga kitanda nikawakabidhi na kunguni.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Mwanangu alikuwa amefurahi. Ningesemaje?" Akashuka kwenye kreti, akavaa viatu vyake. "Na wewe hukuniuliza."

Pasaka ilikuwa imebaki wiki tatu.

Kesho yake nilifika asubuhi na toroli la matofali na ndoo ya jivu. Nikachora jiko uani. Nikatoa gesi na mtungi wake nje, maana nilimwambia Aama kwamba hatutapika hewa, tutapika kweli, mchoro mtupu umeshaniponza. Jirani yake, Mama Bura, mwanamke mnene mwenye sauti ya mnadani, akavuta kigoda akakaa kutazama.

Ugali wa kwanza tuliuanzia juu, matofali yamefika kiunoni. Aama akasonga, akasimama, akatikisa kichwa. Ukatoka na madonge. Lakini kwa Aama chakula hakimwagwi, kwa hiyo tukakaa tukala, na maziwa mgando.

Wa pili akaagiza tushuke hadi karibu na ardhi, kama mafiga yake. Hapo ugali ukasongeka vizuri sana, ila alipotaka kuinuka akalazimika kunishika bega, na magoti yakalia kama ile bawaba. "Aama, hapo utaingia ila kutoka utaita watu," akasema Mama Bura. Tukala na ule, kwa mboga ya mnafu.

Wa tatu tukapanda hadi juu kidogo ya goti lake. Akasimama na miguu amepanua, akainama kidogo tu, mabega yakaja juu ya sufuria yenyewe bila kuambiwa. Nikaona uso wake umebadilika. Lakini sufuria bado ilikuwa inazunguka. Huo wa tatu tuliula kwa maharage, na wakati huo walikuwa wameshafika majirani wengine wanne, wamesikia kwa Mama Bura kuna sherehe isiyoeleweka. Mimi nilikuwa nimelegeza mkanda mara mbili.

Kabla ya ugali wa nne nilipigilia vipande viwili vya nondo katikati ya matofali, kila kimoja kikibana sikio la sufuria. Aama akamimina unga, akashika mwiko kwa mikono yote miwili kwa mara ya kwanza siku ile. Sufuria haikutikisika. Alisonga kimya, akageuza, akakandamiza, akageuza, mpaka ugali ukawa mlaini unang'aa. Akaupakua, akarudi nyuma hatua moja.

"Hapa," akasema.

Nikapima. Na hapo ndipo nikaandika namba.

Hakuna aliyekuwa na nafasi tumboni, lakini ule ugali wa nne uliisha.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya kujikosoa mwenyewe kwa grainda. Kaunta niliyoisugua siku tisa nikaikata, upande mmoja ukashuka kama ngazi, na hapo gesi ikakaa na vyuma viwili vya kushika sufuria nilivyochomelewa na fundi wa chuma. Sinki likashuka pia, kwa kiwiko cha Aama, sio cha mtu mwingine. Vigae vyeupe niling'oa, nikamwaga sakafu ya saruji yenye rangi nyekundu, nikaisugua mpaka ikakubali mguu wenye matope bila kuona haya. Tulipokuwa tunacheza kwenye jivu Aama alikuwa anageuka kila mara kutazama langoni, nikamwuliza anatafuta nini. Akasema hakuna, anatazama tu nani anapita na ng'ombe wako wapi. Maua alikuwa hana haja nayo. Basi nikatoboa dirisha lingine upande wa lango, la chini, la kimo cha macho yake.

Likabaki jambo moja, na hili nisingelijua milele kama nisingekuwa nimekaa naye siku nzima nikila ugali. Juu ya yale mafiga ya zamani yalining'inia magunzi yenye mahindi ya mbegu, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake. Moshi ndio unaoyalinda na dumuzi, wale wadudu wanaotoboa nafaka. Kumbe hata angekuwa na jiko la dhahabu, Aama angerudi kwenye kibanda kwa ajili ya mbegu ya mwaka unaokuja, na akishawasha moto kwa ajili ya mbegu, atabandika na sufuria. Tukakubaliana: atawasha kuni mbichi kidogo mara mbili kwa wiki, atatoka, atafunga mlango. Kigoda chake nikakihamishia jikoni mwenyewe ili asipate pa kukaa kule.

"Tumwambie Eliza?" nikamwuliza.

"Usimwambie. Atakuja ataona."

Jumamosi ya kuamkia Pasaka nilikuwa pale napaka vanishi ya mwisho kwenye droo za chini. Gari la Eliza likaingia. Mimi nilikuwa mlangoni na brashi, nikaona anachokiona yeye: moshi unatoka kwenye paa la kibanda, mwingi, wa kuni mbichi. Ilikuwa siku ya mbegu.

Eliza hakuuliza. Alinipita, "Shikamoo fundi," akaingia chumbani kwa mama yake, nikasikia kabati linafunguliwa na kufungwa. Akatoka na mkoba mkubwa umejaa vitenge na sweta, akauweka nyuma ya gari, akafunga buti. Macho yalikuwa mekundu.

"Fundi, wewe umefanya kazi nzuri. Sikulaumu. Lakini nilisema."

"Eliza, ngoja kidogo—"

"Nilisema, fundi." Akaelekea kwenye kibanda, akausukuma mlango.

Moshi ukampiga usoni. Akaingia huku amejifunika pua kwa mtandio. Nikamwona anazunguka mle ndani, anainama kutafuta mtu. Hakukuwa na mtu. Hakukuwa na sufuria, wala kigoda. Kulikuwa na mahindi tu, yamening'inia.

"Eliza," sauti ikasema kutoka dirishani, lile la upande wa lango. Aama alikuwa amesimama mle ndani na mwiko mkononi, uso unang'aa jasho la kazi. "Funga huo mlango, mbegu zinapoa. Uje ule."

Eliza akatoka kwenye moshi. Halafu akafunga mlango wa kibanda, akaja.

Tulikula watatu, ugali na kuku wa kienyeji. Eliza alikuwa anatazama sakafu nyekundu, anatazama kaunta iliyokatwa, ananitazama mimi, nami natazama kuku. Mara mbili nilimwona anasikiliza, tonge likiwa mkononi, na nilijua anachosikiliza. Aama alikohoa mara moja tu tangu tukae, kikohozi kifupi, akaendelea kula.

Baada ya kula Eliza akakusanya vyombo, akasimama kwenye sinki. Akainama. Akainama zaidi. Akaosha sahani mbili, akajinyoosha na mkono kiunoni.

"Fundi, hili sinki mbona chini hivi? Mgongo utakatika."

Nikafungua mdomo nijieleze. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, kuhusu viwiko na mabega na jivu. Aama akanitangulia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage, hata hakuinua kichwa.

"Wewe unaondoka Jumatatu," akamwambia binti yake. "Mimi nabaki."

Eliza akamalizia sahani zilizobaki. Kisha akajifuta kwa kanga ya mama yake, akatoka hadi kwenye gari, akafungua buti, akaurudisha ule mkoba chumbani.